Mlango wa Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mlango wa nyuma kushoto umeshuka. Haufungi tena. Ukiusukuma unagonga chini na kurudi, kama taya lililoteguka. Siyo kosa langu. Naliandika hilo kwanza ili lijulikane.

Baba Kifungo anarudi Jumapili. Alipoondoka aliniachia ufunguo na sentensi moja: nikiliharibu gari, linahamia kwa dada yake. Dada yake ndiye wifi yangu, anakaa nyumba ya pili, na kila asubuhi analipima gari letu kwa macho kama mtu anayechagua kitambaa.

Gari likiondoka, Kifungo akibanwa kifua nitamfikishaje hospitali? Ana miaka mitatu tu. Mara ya mwisho tulifika midomo imeshabadilika rangi. Kwa hiyo gari haliendi popote. Nina siku sita, nina mikono miwili, na mmoja kati ya hiyo kawaida umebeba mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita fundi wa kona, kimya kimya, wifi akiwa kazini. Akauinua mlango kwa kiganja, akaachia, ukaanguka. Akaniuliza nimekuwa nikining'iniza nini hapa. Nikamwambia sijaning'iniza kitu.

Kweli, siyo kitu. Ni mtoto. Tangu Januari namfungia Kifungo shuka kama bembea kwenye fremu ya dirisha la mlango ule, mlango ukiwa wazi, na analala humo mchana. Ni mahali pekee anapolala bila kukohoa. Hayo hayamhusu fundi.

Akataka gari lipelekwe gereji. Gereji! Wifi anapita pale kila siku! Nikakataa. Basi akaniazima spana na maelekezo: jeki chini ya mlango, ubao na kitambaa juu ya jeki, legeza bolti za bawaba, pandisha kidogo, kaza. Kisha akasema nisiifanye kazi hiyo peke yangu. Nikamwambia nitakuwa na Kifungo. Akasema hakumaanisha hivyo. Aliondoka haraka kuliko alivyokuja, na mara mbili akageuka kutazama kile kiti cha nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimeweza! Saa nne asubuhi, jeki, ubao, taulo ya Kifungo, robo saa ya kutukana bolti kwa sauti ya chini ili mtoto asijifunze. Mlango umepanda. Umebaki upenyo kidogo juu, wa unene wa kisu, lakini unafunga. Nao haukujibamiza. Niliusukuma nusu tu, ukamalizia wenyewe, taratibu, kama kuna mtu ndani ameuvuta.

Nikajipongeza kwa chai. Shuka nimeihamishia mlango wa kulia, ule wa kushoto upumzike.

Saa sita nikatoka. Mlango wazi. Nikaufunga, nikatia ufunguo. Saa saba, wazi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeukalia.

Nimemshuku wifi. Jioni alikuja kwenye uzio akauliza mbona gari linashinda limeachama. Nikamwambia napitisha hewa. “Hewa gani hiyo, wifi, ya siku nzima?” Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu. Akauliza nina mgeni gani leo.

Sina mgeni.

Alhamisi, 6 Machi

Mtego. Mimi ni fundi cherehani, nyuzi ninazo. Nimefunga uzi mweupe kutoka kitasa cha mlango hadi kwenye bodi ya gari, mafundo mawili. Chini nimenyunyiza unga. Nikakaa dirishani na cherehani yangu, jicho moja kwenye kola ya sare ya shule, jicho jingine kwenye gari. Kola imetoka mbovu. Itabidi nifumue.

Nilifumba macho kidogo sana. Sikulala. Mama wa mtoto mdogo halali, anafumba tu.

Nilipofumbua, mlango ulikuwa wazi kabisa. Uzi haukukatika. Mafundo yote mawili yako palepale, na uzi umevuka uwazi wote, mrefu kuliko nilivyoukata. Unga haukukanyagwa. Kwenye kioo kulikuwa na alama ya kiganja. Nikaifuta, haikutoka. Ilikuwa kwa ndani. Nilipoifuta kwa ndani, ilikuwa ya vuguvugu.

Upande wa pili Kifungo alikuwa macho ndani ya shuka, anaongea. Nikamuuliza na nani. Akasema na bibi wa garini, mwenye nywele nyeupe. Nikamuuliza bibi anataka nini. Anataka kushuka. Zamani mlango ulikuwa mzito, akasema, lakini mama ameutengeneza.

Nimembeba hadi ndani. Nimefunga madirisha yote. Halafu nimeyafungua tena, kwa sababu ya kifua chake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwendea fundi na kumbana. Akakwepa, akakuna kichwa, akazungushazungusha bisibisi, mwisho akasema. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akimpakia mama yake mgonjwa, kwenye kiti kile kile. Siku moja walifika mlangoni mwa hospitali na mlango ukakwama. Upande mwingine kulikuwa na godoro na mizigo. Wakavuta, wakasukuma, wakaita watu. Ulipofunguka, mama wa watu hakuwa na haja tena ya kushuka.

Ushauri wa fundi: “Mama Kifungo, ushushe tu urudi ulivyokuwa. Ukiwa mbovu alikuwa ametulia.”

Rahisi kwake kusema! Mlango mbovu, gari kwa wifi. Mlango mzima, bibi anashinda akiingia na kutoka. Nimefikiria njia nzima. Nimelia kidogo pia, siyo kwa woga. Nilikuwa nawaza yule mtu akivuta kitasa kwa nje, mama yake anamtazama kupitia kioo.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya: kuzungumza naye kama watu wazima.

Saa tatu asubuhi nimekaa kiti cha mbele, nimegeukia nyuma. Tatizo la kwanza, salamu. Unamwamkiaje mtu usiyemwona? Lakini nywele nyeupe ni nywele nyeupe, nami nililelewa. Nikasema shikamoo.

Nikatega sikio. Kisha kutoka kwenye shuka nikamsikia Kifungo: “Mama, amesema marahaba.”

Niliogopa, sikatai. Ila nina miaka mitatu sijalala usiku mzima, sina nguvu ya kuogopa kwa muda mrefu. Nikampa masharti. La kwanza, mwanangu asiongeleshwe nikiwa sipo. La pili, mlango haufunguliwi gari likitembea, asilani. La tatu, kesho Baba Kifungo anarudi, tafadhali tutulie. Kwa upande wangu, kiti ni chake. Na nikamwambia pole, bibi, kwa siku ile.

Springi za kiti zililia, kama mtu ameegemea. Mlango ukajifunga. Halafu, mbele ya macho yangu, ule upenyo wa juu niliohangaika nao tangu Jumatano ukaanza kupungua. Bolti hazikuguswa. Sasa mlango umekaa sawa juu hadi chini, hata wembe haupiti.

Jumapili, 9 Machi

Baba Kifungo amerudi, na wifi alimwahi getini na taarifa yote: mlango, jeki, unga, wazimu wangu. Akaenda moja kwa moja garini. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Akapitisha kidole pembeni. Akauliza nani katengeneza.

Mimi, nikasema. Bila kupepesa.

Wifi hakuamini. Akaingia mwenyewe, akaketi kile kiti, akavuta mlango. Ukafunga vizuri. Kufunguka, ukagoma. Tulimwona anavuta kitasa. Kisha akaacha kuvuta, akageuza shingo polepole kulia kwake, kwenye nafasi tupu, akabaki hivyo. Alitokea mlango wa pili, na shuka ya Kifungo ikamng'ang'ania kichwani. Akasema gari hili halitaki hata kwa zawadi. Kuna mtu, akasema, alisogea ili kumpisha.

Baba Kifungo akasema dada yake amechoka. Ufunguo umebaki kwangu. Saa kumi Kifungo alianza kukohoa vibaya, tukafika hospitali kwa dakika tisa. Nilipokimbilia ule mlango wa kushoto nimshushe, ulikuwa tayari wazi. Amepata dawa, anapumua kama kawaida, mpenzi wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mlango wa friji umeshuka. Usiku niliutundikia sare kumi na mbili mbichi zikauke, hakuna uhusiano wowote. Baba Kifungo anataka kuita fundi. Fundi wa nini? Nimemwambia mkewe ataushughulikia.

Alipotoka nikaenda garini, nikaamkia, nikamkaribisha bibi jikoni. Amekuja. Mlango wa friji tayari umeanza kupanda.

Kifungo anasema bibi anauliza atalala chumba gani. Nimemwambia tutaona. Kwanza amalize friji, kisha kuna lile kabati la nguo lisilofunga.