Hadhira ya Mbao

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Uhamiaji na Hamasa ya Umma ilitangaza kwamba tatizo la wananchi kutojali siasa limekwisha. Limepakwa rangi.

Awali mambo yalikuwa magumu. Mkutano wa hadhara kuhusu wageni uliitishwa, viti vikapangwa, maikrofoni ikakohoa, na hakutokea mtu ila mfagiaji, naye alikuja kufagia. Sasa Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kuhutubia. Mkurugenzi akaona cheo chake kinaota mbawa.

Ndipo alipomwita mchora mabango, mgeni aliyesota kwenye foleni ya dirisha la pili, la vibali, tangu mtoto wake hajazaliwa. Mtoto sasa alikuwa anakimbia. Kibali cha familia kilikuwa ukingoni, na bila kipya wangefungashwa virago.

"Nichoree wananchi," alisema Mkurugenzi. "Kwenye mbao. Wakae vitini, wawe na mwamko."

"Wananchi gani, mheshimiwa?"

"Wa kawaida tu. Wanaosikiliza."

"Na kibali changu?"

"Sanaa kwanza, ndugu yangu. Kibali ni mchakato."

Mchoraji alikuna kichwa. Wananchi alikuwa amewaona migongo tu, wakipita haraka. Sura alizozijua vizuri ni za foleni. Basi akamchora kinyozi, akamchora mama mshonaji, na yule mzee anayelala amesimama. Akamweka mkewe na mtoto, na yeye mwenyewe pembeni. Wote aliwapa macho ya kungoja, maana macho mengine hakuyajua. Alipommalizia mwanawe roho ilimuuma: huenda ubao huo ndio ungebaki nchini, mtoto mwenyewe akaondoka.

Siku ikafika. Waziri alisoma hotuba ndefu kuhusu hatari ya wageni bila kuinua macho. Hakuna aliyepiga miayo, hakuna aliyechungulia simu. Kila aya ilipoisha, Mkurugenzi, aliyejibanza nyuma ya pazia, alipiga makofi kwa niaba ya umma mpaka viganja vikawaka moto.

Waziri aliguswa. Alivua miwani, akajifuta machozi, akashuka kumshika mkono kinyozi. Kiganja chake kilirudi kimelowa, tena kahawia.

"Mnaona? Huyu anatokwa jasho la uzalendo."

"Kabisa, mheshimiwa," alisema msaidizi wake, ambaye aliajiriwa kwa kazi hiyo.

"Hawa ndio raia. Wapigwe picha, na kila mwenye sura kwenye picha apewe kitambulisho leo leo. Asiyekuja, huyo ndiye mgeni. Na hiki kiti kitupu cha mbele ni cha nani?"

Mchoraji alikuwa mlangoni na ndoo yake. Akajibu kwa adabu zote, "Cha Mkurugenzi, mheshimiwa."

Nyuma ya pazia, makofi yakakoma.

Amri ya Waziri haina mchakato. Jioni hiyo mchoraji alitoka na familia nzima, vitambulisho mkononi, mtoto akitafuna cha kwake. Nje ya dirisha la pili alimkuta Mkurugenzi amesimama peke yake, tai imelegea.

"Wanataka nithibitishe kwamba nilikuwa ukumbini," alisema kinyonge. "Nimewaambia nilikuwa nyuma ya pazia. Wanasema raia hajifichi."

"Pole sana, mzee wangu. Nikuchore?"

Mkurugenzi aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Nichore nimekaa," alisema. "Miguu inauma."