Mkono wa Kuume wa Consolée

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Minye mlango wa shule sikuuona. Herufi nilizipata parokiani, wakati meno yanaondoka. Lakini jambo la leo lazima liandikwe.

Consolée, rafiki yangu wa kitanda cha pili, kiharusi kilimlaza mkono wa kuume. Sasa Héritier, kiné anayetunyoosha viungo hapa nyumba ya wazee, ametoa amri: asilishwe na mtu tena! Jumamosi mwanawe Gédéon anakuja toka Lubarika. Mama akimaliza sahani ya bukari, ugali wetu, kwa mkono wake wa kuume, anarudi nyumbani. Asipomaliza, anabaki, maana kule mchana wote wako kwenye mpunga, hakuna wa kumlisha.

Nikatazama. Tonge linatetemeka, linaangukia kifuani. Nani ana moyo wa kuona vile? Héritier alipogeuka, nikamtia Consolée matonge matatu mbiombio. Kijana akatuangalia tena: mashavu yamejaa, vidole vikavu. Akauliza imekuwaje. Nikamjibu Consolée ni mwanamke msafi.

Jumanne, tarehe 4

Wametutenga! Minye mwisho huu wa meza, yeye mwisho ule. Nikaenda kwake kutafuta chumvi. Kisha pilipili. Kisha chumvi tena. Safari kumi na moja, kila safari na tonge kiganjani.

Héritier alikuwa anahesabu. Akanikumbusha kwamba jana nilimwapia magoti yangu yamekufa. Kuanzia kesho napanda ngazi, asubuhi na jioni. Mtoto mbaya!

Jumatano, tarehe 5

Ngazi. Nilimtukana Héritier kwenye kila kipandio. Akasema Koko, bibi yangu, pumzi yako iko nzuri sana.

Mchana, akili mpya. Nikamlisha Consolée haraka, kisha nikampaka mboga ya sombe vidole vyote, aonekane amejilia. Kazi safi! Kumbe nilikaa mbele yake, tukiangaliana, nikapaka mkono wa kushoto. Masere Félicité, mtawa mkuu wa nyumba, akashika kichwa: mama mzima, kula bukari kwa kushoto?

Consolée aliona haya mpaka machozi. Akaniuliza, weye dada, unataka nifie hapa?

Minye! Nikachukua maji, nikamnawisha vidole kimoja kimoja.

Ijumaa, tarehe 7

Leo nimekalia mikono yangu. Kweli kabisa, nimeikalia. Tonge la kwanza, kinywani. La pili, kinywani! Mikono yangu ikafa ganzi. La tatu likaanguka mezani. Mkono wangu ukatoka wenyewe, sikuutuma.

Consolée akanizaba kofi.

Kofi la kuume! Chumba kizima kilisikia. Héritier akashangilia kama yuko harusini, akamwomba arudie, alione bega vizuri. Akarudia. Tena kwa furaha, yule mwanamke!

Jumamosi, tarehe 8

Gédéon amefika. Minye nimewekwa katikati ya Masere na Héritier kama mwizi. Consolée akakanda tonge, akachovya, akameza. Polepole, mpaka samaki ndagala wakapoa. Tonge moja likamponyoka. Akaliokota. Niliuma kitenge changu nisipige kelele. Alipofuta sahani kwa kidole, nikalia, na Gédéon akalia, na Héritier akasema vumbi limemwingia machoni.

Kuniaga, Consolée akanikumbatia kwa mikono yote miwili. Mbavu bado zinauma. Akasema niende Lubarika kula mchele mpya, ila huko kila mtu anajilisha.

Jumapili, tarehe 9

Kitanda cha pili kimepata mtu: Honorine wa Kavimvira, alivunjika nyonga. Héritier anataka ajiinue mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku. Masikini kijana, bado hajaelewa nini kilimponya Consolée. Ni matonge yangu ya Jumatatu! Yalimpa nguvu ya kunipiga.

Nimemvua Honorine viatu, nimemchana nywele, nimemfunika mpaka kidevuni. Alitaka kukaa. Nimemwambia asisogeze hata kidole cha mguu, minye niko.