Nahodha wa Viazi Gatini Mtwara

Jumatatu, 10 Novemba

Tumefunga kamba Mtwara. Bandari imejaa. Meli mbili zinapakia korosho, malori yamepanga foleni hadi barabarani, kreni hazinyamazi. Sisi tuko gati dogo la pembeni na mashua yetu ya matanga. Wageni sita, siku ya nane tangu tuanze kuzunguka visiwa. Nahodha Masoudi anasema tutakaa hadi Ijumaa. Tanga kubwa limechanika, linashonwa.

Nimechoka. Mikono inanuka vitunguu. Kazi yangu humu ni kumenya viazi, kupampu choo, na wageni wakirudi kutoka nchi kavu, kuwaosha miguu kwa ndoo ili mchanga usiingie ndani. Bahari yenyewe siipendi. Nimetapika kila kisiwa. Kwetu Mandawa, Ruangwa, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya kisima.

Sasa aibu yenyewe, naiandika hapa tu. Nyumbani wanajua nahodha ni mimi. Mwezi wa nane Masoudi alikwenda kukojoa, nikashika usukani, nikajipiga picha, nikamtumia mpenzi wangu Marietha. Alipouliza kama mimi ndiye ninayeendesha, nikajibu kwamba kazi ni nyingi. Sikusema uongo. Baba yake, mzee Bernardo wa Nachingwea, kaitundika picha ukutani karibu na kalenda ya jimbo Katoliki. Barua yangu ya posa anayo tangu Septemba, hajajibu.

Leo Marietha kapiga simu. Baba atapanda lori la korosho Alhamisi, aje aone chombo na nahodha wake. Akitoka hapa ndipo atajibu barua.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata akili wakati namenya viazi. Nikampigia Marietha, nikamwambia tunang'oa nanga Jumatano jioni, baba asijisumbue. Akanishukuru kwa kumjulisha mapema. Akasema basi atampandisha lori la leo.

Nikakata kidole.

Selestini kasikia kila neno. Huyu ni baharia wa matanga, Mngoni wa Songea, na sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Kwa hiyo hachukuliwi hatua. Wiki iliyopita alichukua mto wangu wa kulalia, akasema ni haki yake ya utani, nami ikabidi nicheke. Leo kaniamkia: "Shikamoo nahodha wa viazi." Anasema mzee akifika atamweleza yote, atoe zawadi ya harusi mapema.

Nimemwomba Masoudi aniazime kofia yake yenye nanga, kwa saa moja tu. Kasema kofia nichukue, yeye atakwenda kwa fundi wa tanga, hataki kuwepo akaona.

Jumatano, 12 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mzee Bernardo kafika saa nne asubuhi. Koti la kanisani, vumbi la Nachingwea hadi kwenye nyusi. Kabeba kuku hai na mfuko wa korosho alizobangua mama Marietha kwa mkono. Wageni walikuwa sokoni. Nikavaa kofia, nikampokea, nikamkalisha kwenye kiti cha Masoudi. Akashika usukani kwa vidole viwili, kama anaogopa utaondoka. Akauliza ule mshale kwenye dira ni wa nini. Nikasema unaonyesha njia. Akauliza njia ya wapi. Nikasema inategemea.

Ndipo Selestini akaja. Akamwamkia mzee vizuri, akakaa, akamwambia ukweli wote. Kwamba hamenyi viazi mwingine ila mimi. Kwamba naosha miguu ya wazungu. Kwamba tulipopita Songosongo nilishika mlingoti nikiita jina la mama.

Nilitaka sakafu ipasuke.

Mzee akamuuliza kabila. Selestini akasema Mngoni. Basi. Mzee akacheka hadi kuku akamponyoka. "Watani hawa! Waongo tangu babu zao!" Selestini akaapa. Mzee akacheka zaidi, akafuta machozi. Selestini akaapa tena, kwa marehemu baba yake. Mzee akamwomba anyamaze, mbavu zinamuuma. Sijawahi kuona mtu akidhalilishwa na ukweli kama Selestini leo.

Nilikuwa nimepona.

Halafu wageni wakarudi. Yule bibi wa Kijerumani akakaa kwenye ngazi, akanyoosha mguu, kama kila siku. Na mimi, naapa, sikuamua. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilipojitambua nimepiga magoti na kofia ya nahodha kichwani, namsugua kisigino.

Selestini alikuwa ananitazama tu.

Sikuinua macho. Nikamwosha wa pili, wa tatu, hadi wa sita, maana nikisimama ningemwona mzee. Niliposimama, alikuwa amevua kofia yake. Akasema kuna mwaka yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili waliokaa benchi la mbele Alhamisi Kuu, padre akapiga magoti akamwosha miguu, na tangu siku hiyo hajaona tena mkubwa akijishusha hivyo. "Nahodha mzima, mwanangu. Nahodha mzima."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Akaniwekea mkono begani, akasema Marietha ni wangu. Nikafunga.

Alhamisi, 13 Novemba

Mzee karudi na lori tupu. Sikulala. Nimeandika barua kwa Marietha, kurasa mbili, yote: choo, viazi, kofia. Masoudi kaisoma, kasema ni barua ya kwanza ya kiume niliyowahi kuandika, niipeleke.

Mchana Marietha kapiga. Yeye hakucheka, hakulia. Kauliza kama kweli nawaosha watu miguu. Nikasema kweli. Kauliza, kila siku? Nikasema wageni wakirudi. Kauliza, na wakati unaosha, usukani anashika nani?

Mtandao ulikuwa mzuri sana. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Ijumaa, 14 Novemba

Tanga limeshonwa, tumeondoka. Nimetapika kabla hatujaiacha bandari. Barua bado ninayo mfukoni.

Mzee kanipigia kabla mtandao haujaisha. Kasema kaisimulia jumuiya nzima ya kanisa. Krismasi tutatia nanga Lindi, naye atakuja na watu kumi na wawili kutoka Nachingwea, na padre, waone nahodha akiosha miguu. Marietha atakuja pia. Kasema anataka kusimama karibu na usukani.

Jioni nimeitoa ile barua mfukoni, nikaifungia kuku wa kukaanga wa Selestini. Kuku ni yuleyule wa mzee. Nimemwomba Selestini siku ya Lindi awe wa kwanza kupanda gatini, awaambie wote ukweli wangu, kama mtani, asibakize hata neno.

Kakubali. Anataka na godoro langu.