Utetezi wa Mbuzi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeitwa shuleni. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, ameandikwa hayupo siku thelathini na moja. Nikauliza inawezekanaje, na mimi ndiye ninayemfikisha getini kila asubuhi. Mwalimu wake akajibu kwamba yupo, ila jina likiitwa haitiki. Ananyoosha kidole tu, na daftari la mahudhurio halina mahali pa kuandika kidole. Aibu gani hii! Mimi karani wa masijala, mwaka wa kumi na tisa kazini, mwanangu anapotea daftarini hali amekaa dawati la mbele.

Zito zaidi ni hili: asiposikika akisema mbele za watu kabla ya muhula kwisha, atarudia darasa. Dawa, kwa maelezo ya mwalimu, ni mchezo wa kuigiza. Mtoto akijificha ndani ya mtu mwingine, sauti hutoka yenyewe. Onyesho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Hoja imeniingia. Nimefungua jalada.

Jumanne, 4 Juni

Nafasi zimegawanywa. Mchezo ni kesi: mbuzi anashtakiwa kwa kula shamba la mtu. Nafasi ya Hakimu kapewa Redio, mtoto wa mshonaji wa nyumba ya pili. Tunamwita Redio kwa sababu huongea hata akitafuna. Binti yangu ni Mbuzi. Maneno yake yote katika mchezo mzima: "Mee." Mara tatu. Mara tatu!

Mshonaji kanipigia kelele kutoka barazani kwake, pini mdomoni. Hongera Baba Mbuzi, ati bila mshtakiwa kesi haipo. Nimejifanya sikusikia. Nimeandika barua ya rufaa, ukurasa mmoja, nakala kwa mwalimu mkuu, nakala jaladani.

Alhamisi, 6 Juni

Rufaa imetupwa. Mwalimu anadai binti alijichagulia mwenyewe kuwa mbuzi. Haiwezekani. Mtoto wa miaka minane hajui maslahi yake.

Haya. Kama cheo hakipandi, maneno yatapanda. Nimemwandikia mbuzi utetezi. Kurasa mbili. Mbuzi anakana shtaka, anaeleza historia ya mpaka wa shamba, kisha anaomba kesi iahirishwe. Mama watoto kasoma hadi mwisho, akauliza mbuzi huyu sheria kaisomea wapi. Ni wivu wa kipaji.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi sebuleni. Ratiba: saa tatu kupumua, tatu na robo kutamka, tatu na nusu utetezi. Binti kimya. Nikaamua kumwonyesha. Nimekuwa Hakimu, mlalamikaji, askari na mbuzi, wote peke yangu, juu ya kochi.

Kanitazama weee. Kisha akasema mbuzi hasimami hivyo. Akashuka chini kwa mikono na magoti. Akanifundisha kwamba masikio hutangulia, ndipo kichwa kigeuke. Tena nisiongee kama ninayesoma barua ya ofisi. Akanirudisha mara nne. "Baba, hujaogopa bado. Ogopa kidogo." Nikaogopa. Akasema sasa nimezidisha.

Saa nzima imepotea kwa upuuzi huo. Matokeo ya zoezi, kwa kumbukumbu: maneno ya utetezi yaliyosemwa, sifuri. Binti anasuasua.

Jumatano, 12 Juni

Mpango mpya. Nimeelewana na Redio kwa siri. Siku ya onyesho, kabla ya hukumu, Hakimu atamgeukia mbuzi na kumuuliza ana lipi la kujitetea. Hapo kurasa zangu mbili zitapata mlango. Malipo: kuzunguka mtaa mara mbili juu ya baiskeli yangu. Redio kaapa kufunga mdomo.

Mdomo ulifungwa dakika kumi hivi. Nikirudisha baiskeli, mshonaji yuko barazani na wateja wake watatu, ananiuliza wakili wa mbuzi hujambo, na je, kondoo wake naye nitamtetea? Wateja wamecheka hadi mmoja kakalia mkasi.

Mama watoto kanisihi nimwache mtoto. Nimwache! Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika yote, kwa kumbukumbu.

Nilikaa nyuma ya pazia, kurasa mkononi, nimnong'oneze binti akisahau. Pazia lenyewe ni mashuka manne ya mshonaji juu ya kamba. "Mee" ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, hafifu, mwalimu akainamisha kichwa. Redio, lazima nimsifu, akauliza swali tulilopatana. Binti kimya. Nikanong'ona. Kimya. Nikasogea, nikaegemea kidogo tu.

Kamba ikakatika. Nikajikuta katikati ya jukwaa, shuka kichwani, mbele ya wazazi wote. Redio akaachama, hana neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Nikamwona mwanangu ananitazama, nikajua nimemharibia. Darasa atarudia, na kosa ni langu.

Masikio yakatangulia. Kichwa kikageuka. Akasimama, akasema kwa sauti iliyofika benchi la mwisho: "Mheshimiwa Hakimu, huyu ndiye mwenye shamba. Ni kweli mimi nilikula mahindi yake. Lakini na yeye, mtazameni, amekula pazia. Tuhukumu wote wawili."

Watu wakalia kwa kicheko. Mshonaji alikuwa anajipigapiga mapaja. Redio akazinduka, akatuhukumu kulima pamoja mwaka mzima. Binti akanishika mkono wa shati, akanitoa nje kama mfungwa.

Katika kurasa zangu mbili, hakutumia hata neno moja. Nimehakiki.

Jumapili, 16 Juni

Mwalimu kapita nyumbani. Binti anapanda darasa. Kamsifu mbele yetu, naye binti akamjibu asante, tena akamwambia mashuka yalifungwa vibaya tangu mwanzo.

Mwalimu alipoondoka, mama watoto kanikalisha chini. Kasema mtoto kasema kwa sababu safari hii hapakuwa na mtu wa kumpangia aseme nini. Nimetafakari kuanzia saa nane hadi saa tisa. Kasema kweli. Nimekiri mbele yake waziwazi, hata kashangaa, kanimiminia chai ya pili.

Sijapoteza muda. Kuanzia kesho, kila siku saa kumi na moja hadi kumi na moja na nusu jioni, binti atasema lolote lililo moyoni mwake, bila kuelekezwa na mtu yeyote. Nitasimamia mwenyewe. Na asije akakwama, nimeshamwandikia ya Jumatatu hadi Ijumaa.