Malalamiko Kuhusu Ukuta Uliozidi Unga

Ndugu Msimamizi wa Ujenzi,

Wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja na mgongo huu umekubeba, lakini leo tuweke undugu kando tuongee kiofisi. Nimesikia umemsimamisha kazi mpwa wako, fundi wa kuziba maungio ya bodi za jipsamu, eti unga wa kuzibia aliokuambia uagize umeisha ukumbi ukiwa nusu. Tena unatafuta fundi mwingine! Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Unasema alikadiria kwa jicho. Ulitaka akadirie kwa sikio? Jicho hilo amelirithi kwangu. Tangu niolewe sijawahi kupima unga wa jikoni kwa kikombe, na wewe uliishi kwangu ukanenepa.

2. Unasema alisahau kwamba ukuta una pande mbili. Mtoto niliyemlea mimi hana tabia ya kuchungulia nyuma ya watu. Atachunguliaje nyuma ya ukuta? Hayo ndiyo malezi. Wengine waliyakosa, ingawa tulikulia nyumba moja.

3. Eti maungio hupakwa unga mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na yeye alihesabu mmoja. Mwanangu akipaka, amepaka. Wanaorudiarudia ni wasiojiamini.

4. Dari hakuitia kwenye hesabu. Ni kweli. Ulimwambia akapime ukumbi, hukumwambia atazame juu. Mtoto mwenye adabu akiongea na mjomba wake hutazama chini.

5. Kwa hiyo, ukikaa ukafikiri, unga haukupungua. Ukuta ndio uliozidi. Naomba mumwite mhandisi aupunguze ukumbi uishie pale unga ulipoishia, mwanangu apandishwe cheo awe mkadiriaji wa majengo yenu yote, na hizo futi zenu za kupimia wapewe mafundi cherehani.

Natumaini utatenda haki kabla sijajifunga kibwebwe nikaja huko mwenyewe. Msalimie wifi yangu, watoto, mafundi wote, na hata yule mtunza stoo aliyemcheka mwanangu unga ulipoisha. Mwambie nimemsamehe, kwa leo.

Ni mimi dada yako mkubwa, ambaye hajawahi kukosea,
Mama Fundi

Tanbihi: Jumapili njoo nyumbani na futi yako. Kile kiukuta cha jipsamu alichonijengea mwanangu kati ya sebule na chumba cha kulala kimekamilika upande wa chumbani tu, ninakokiona peke yangu. Upande wa wageni, vichwa vya skrubu vinanikodolea macho kila nikikaa. Usimwambie nimekuita, jifanye umekuja kunisalimia. Kisha mpe futi ashike yeye, wewe ushike ile ncha nyingine, umwelekeze taratibu bila kumgombeza, kama nilivyokufundisha wewe kufunga kamba za viatu. Akishaelewa, Jumatatu mrudishe kazini. Mwambie aanze na dari.