Kumfuata Bibi kwa Nyumba ya Magurudumu

Jumatatu, 18 Agosti 2025. Kasongo.

Gari limekwisha kuwa nyumba! Baba mdogo Faradji aling'oa viti vyote vya nyuma. Akaweka kitanda cha mbao, godoro, pazia la kitenge, mbabula, lile jiko la makaa, na pipa la maji. Zamani lilibeba dawa. Sasa litamleta Bibi Waridi, mama yake, kutoka Kabambare. Bibi ana nyonga mbovu, hawezi kupanda pikipiki. Atasafiri amelala kama sultani.

Atakaa Kasongo moja kwa moja. Lakini nyumbani kwa nani? Kwetu au kwa baba mdogo? Baba amesema Bibi atachagua mwenyewe. Nimekwisha kufagia chumba changu. Tangu Mama atutoke tuko mimi na Baba tu, na Baba hurudi dukani amechoka, haongei. Mounira, binti wa baba mdogo, ana mama, dada na kaka tele. Naye amtaka Bibi! Asema Bibi hawezi kukaa na mtoto anayesoma huku akila. Dharau.

Tunakwenda sote wawili. Katika kitabu changu cha jiografia kuna picha ya nchi kame yenye makorongo mekundu, na watu wanaizunguka kwa gari lenye kitanda. Baba mdogo asema makorongo hata sisi tunayo, tena mtu haendi kuyatafuta, yanamfuata barabarani.

Jumanne, 19 Agosti. Njiani, karibu na Lusangi.

Shida ya kwanza: watu. Kila kona mtu anainua mkono. Baba mdogo hawezi kumpita mzee mwenye mzigo, aona haya. Tukijaza gari, kitanda cha Bibi kitachafuka. Nikafikiri. Nikapata! Nikamshauri aseme hili si gari, ni nyumba.

Shauri likafaa! Mzee mmoja mwenye kuku wawili alichungulia, akaona mbabula na pazia, akasema kweli, hii iko nyumba, akatutakia amani. Nilimtazama Mounira kwa upole wa mshindi.

Jioni tukasimama kijijini. Habari ilitutangulia kwa pikipiki: nyumba inakuja. Sikukumbuka jambo moja. Gari linaombwa nafasi. Nyumba inapigiwa hodi.

Hodi! Hodi! Wakaingia kutusalimu. Tukapika chai. Sukari ikaisha. Wa mwisho alikuwa Mama Cadette, anayewauzia sabuni wachimba dhahabu. Mwili mkubwa, beseni kubwa. Akaketi juu ya kitanda cha Bibi, akasifu godoro, akalala.

Jumatano, 20 Agosti. Kwenye makorongo.

Asubuhi Mama Cadette alikuwa bado yupo. Baba mdogo akaninong'oneza: mutu iko ndani ya nyumba yako, utamufukuza namna gani? Tukawasha gari, tukaondoka naye. Hakuomba lifti hata kidogo. Yeye yuko kwenye matembezi tu, nyumba ndiyo inayotembea.

Makorongo! Kuta nyekundu pande mbili, ndefu kupita paa la msikiti wetu. Barabara imekatwa katikati na mvua za mwaka jana, gari linaweka mguu huku na mguu kule. Vumbi kama unga. Ni picha ya kitabu changu kabisa, isipokuwa kitabuni hakuna Mounira anayetapika.

Gurudumu la nyuma likatumbukia. Baba mdogo akatuomba tushuke gari liwe jepesi. Mama Cadette akakataa. Mgeni hatolewi nje, alisema, tena akauliza tutakula nini.

Baba mdogo akaenda kijijini kutafuta magogo. Simu haishiki huku. Mounira akanicheka: mwenye nyumba, hudumia mgeni wako! Hasira. Nikawaza: ni kitu gani kinachomwondoa mgeni bila kumtukana? Msiba! Nani abaki akila kwa watu wenye msiba? Nikamwambia Mama Cadette, kwa sauti ya chini, kwamba nyumba hii iko na matanga.

Madereva wa pikipiki wawili walikuwa wakipumzika kando ya gari. Sikuwaona mpaka walipowasha pikipiki na kuondoka.

Alhamisi, 21 Agosti. Palepale.

Ee Mungu, nimefanya nini?

Watu hawaondoki penye matanga. Watu wanakuja! Nilisahau, mimi niliyeshuhudia nyumba yetu ikijaa siku Mama alipotutoka. Wanawake wa kijiji wamefika na kuni, mchele na mikeka. Wakaketi chini ya ukuta wa korongo, wakalia. Mama Cadette alilia kuwashinda wote, akaapa hatuachi mpaka matanga yavunjwe.

Waliniuliza nani amefariki. Nikasema mtu wa nyumbani. Mounira alinitazama. Alijua. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Baba mdogo akarudi na magogo, akakuta msiba wake mwenyewe. Wakamshika mikono, wakampa pole. Akadhani habari ya kifo imewafikia wote, yeye tu hajaipata. Akaogopa kuuliza ni nani. Akaketi mkekani, akalia. Nilimwona baba mdogo, mtu wa mizaha, akilia kwa sababu yangu, na sikuweza kufungua kinywa mbele za watu.

Nilimwambia jua lilipoinama. Hakunipiga. Akauliza tu pikipiki zilikwenda upande gani. Nikasema Kabambare.

Akachukua magogo, akaanza kulichimbua gurudumu gizani.

Ijumaa, 22 Agosti. Palepale.

Tulikuwa tumekwisha kunyanyua gari alipotokea kwenye kona. Bibi! Juu ya baiskeli ya mizigo, amefungwa kwa kanga ili asianguke, na jirani yake Muzaliwa akiisukuma, jasho tupu. Aliambiwa Kabambare kwamba nyumba ya Faradji iko na matanga. Hakungoja gari wala kitanda. Alikuja kumzika mwanawe.

Alipomwona baba mdogo amesimama, aliamuru afunguliwe kanga. Kisha akamchapa kwa fimbo. Weye Faradji, iko muzima? Na mimi nimelia njia yote, nyonga hii! Akamchapa tena, akamkumbatia, akalia upya.

Akauliza nani alisema. Kidole cha Mounira kilinionyesha kabla swali halijaisha.

Bibi hakunigombeza. Alisema: mutoto, weye unajua matanga. Ulichezea namna gani?

Nikashika mkeka, nikaanza kuukunja.

Bibi akalazwa kitandani. Mama Cadette akamkanda nyonga kwa mafuta ya mawese na chumvi. Bibi akasema mikono ile isimwache, na kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kuondoka kwake, arudishwe Kabambare kwa nini? Twende Kasongo.

Jumapili, 24 Agosti. Kasongo.

Njia yote nilikaa mlangoni, Mounira akakaa karibu na kichwa cha Bibi na kumpepea. Tulibeba kila aliyeinua mkono. Baba mdogo hakuniuliza ushauri.

Bibi amechagua. Kwa Mounira. Alisema nyumba yenye watu wengi habari zake zinajulikana. Mama Cadette hakutoshea kule, basi Baba amempa chumba changu. Tumekigawana, yeye upande wa ukutani, mahali nilipofagia.

Baba ameongea nami leo, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Alisema nikaombe msamaha. Nilikwenda. Nilifika mlangoni, nikasikia Bibi anacheka ndani pamoja nao. Nikarudi.

Najuta. Naandika wazi: sitasema tena mtu amefariki, maisha yangu yote.

Jumatatu, 25 Agosti. Kasongo.

Ugonjwa si kifo.

Nimeliwaza jambo hili usiku kucha. Homa ndogo haimdhuru mtu. Bibi akisikia mjukuu wake anaumwa, lazima ataletwa, na akiletwa nitamwomba msamaha vizuri, tuko wawili tu. Ni kwa nia njema kabisa.

Nimemtuma Mama Cadette. Nimesisitiza: homa kidogo, kidogo sana. Nimejifunika blanketi mbili, na jasho linanitoka kwelikweli, kwa hiyo si uongo mtupu. Nimesogea upande mmoja wa kitanda. Bibi atapata nafasi ya kukaa.