Mara Sabini na Mbili kwa Dakika

Jumatatu, 6 Mei

Nimeficha jambo kwa wiki tatu. Naliandika hapa kwa sababu daktari ameshanihesabia miezi, na daftari halina mdomo. Nyimbo za darasa la baiskeli la binti yangu sizipimi kwa saa. Nazipima kwa mshipa wa mkono wangu.

Nieleze. Binti yangu ni mwalimu wa mazoezi. Watu wazima na akili zao wanapanda baiskeli zilizofungwa sakafuni, wanakanyaga dakika arobaini na tano, wanashuka palepale walipopandia. Muziki ndio barabara yao. Wimbo wa mapigo sitini kwa dakika ni mlima: wanakaza gurudumu, wanapanda polepole. Wa tisini ni tambarare: wanalegeza, wanakimbia. Kuchagua na kupima nimepewa mimi, mwalimu wa muziki kwa miaka arobaini. Angempa nani mwingine? Mumewe, fundi bomba, asiyejua hata kupiga mluzi?

Mshale wa sekunde siuoni tena. Nikisema hivyo, kazi itahamia kwa fundi bomba na simu yake. Basi nashika mshipa. Moyo wangu hupiga mara sabini na mbili kwa dakika: nikizihesabu hizo, dakika imetimia. Ulipimwa siku nilipoajiriwa. Saa ya Mungu haitiwi betri!

Wanafunzi walikuwa kumi na wanane. Sasa ni kumi na mmoja. Watu wa siku hizi hawana mapaja.

Jumanne, 7 Mei

Habari mbaya. Mwenye jimu amesema wateja hawatoshi madarasa mawili ya baiskeli. Jumamosi ataketi ayatazame yote mawili, kisha abakize moja. Mwalimu wa lile jingine tunamwita Misuli. Shingo pana kuliko kichwa, na nyimbo anaokota popote. Binti alisimulia haya huku akijikanda magoti. Akasema katika kazi zote alizowahi kufanya, hii ndiyo pekee anayoamka akiiwaza. Nikamwambia alale salama, baba yupo.

Mkwe akadakia. Baba, baiskeli yenyewe haiendi, wimbo unaharakia wapi? Akacheka peke yake. Kicheko cha mtu wa mabomba: kinabubujika bila sababu.

Jumatano, 8 Mei

Mkosi. Wimbo wa pili, nilioandika MLIMA kwa kalamu nene, umemkakamaza nesi mstaafu mguu mzima. Mama wa benki akamwambia binti yangu kwamba huu si mlima, mwalimu, hiki ni kisasi. Sasa wamebaki tisa.

Binti akaniuliza kwa upole kama nina hakika ni sitini. Nikamjibu kwamba niliongoza kwaya tatu kabla yeye hajaota meno. Akasema, samahani, baba. Nikamsamehe.

Lakini nimekata shauri. Kama darasa letu haliwezi kupaa, la Misuli litazama.

Alhamisi, 9 Mei

Hila imekamilika! Nimemchagulia Misuli nyimbo kumi, mbovu kwa makusudi. Zile ambazo mshipa wangu unasema ni arobaini, za kubembelezea watoto, nimeziandika MLIMA. Za sitini nimeziita TAMBARARE. Watasinzia juu ya baiskeli, mmoja baada ya mwingine, kama kuku kwenye kichaga. Nikaweka flashi na orodha ndani ya bahasha, na kikaratasi: Kutoka kwa mpenzi wa kazi yako.

Mkwe alikuwa anakwenda kuziba bomba la bafuni huko jimu. Nikamtwika. Akauliza ni nini. Zawadi, nikasema, ila usitaje mtoaji. Akasema, kumbe baba una moyo mzuri hivyo. Sikubisha.

Ijumaa, 10 Mei

Kwa daktari. Amenibana kidole kwa kimashine. Mia na nane! Akasema moyo wangu unakimbia hivyo tangu mwezi uliopita, imo kwenye faili. Nikamwambia mashine yake ina haraka. Akasema, mzee wangu, mashine haina haraka, haina pa kwenda.

Njiani nikapiga hesabu. Mimi ni msomi, hesabu hainitishi. Kama moyo ni mia na nane, basi dakika yangu ni fupi, na sitini yangu ni tisini. Mlima wa binti yangu ni mbio na gurudumu limekazwa. Na arobaini niliyompa Misuli ni... sitini. Na sitini yake ni tisini.

Nikaacha kuhesabu.

Jioni binti alikuwa mezani, ananakili orodha yangu kwa mwandiko niliomfundisha mwenyewe. Nikafungua mdomo. Papo hapo mkwe akaingia na simu yake: baba, humu mna kitu kinachopima mapigo ya wimbo wowote, tukijaribu?

Nikafunga mdomo.

Jumamosi, 11 Mei

Mkwe alinipeleka. Nikakalishwa karibu na mwenye jimu. Binti yangu alianza. Wimbo wa tatu haujaisha, wanne wameshuka. Nesi mstaafu alikuwa chini, amekumbatia shavu la mguu wake. Binti alikanyaga hadi mwisho akitabasamu, jasho likimchuruzika puani, akiita twendeni jamani, tunafika, tunafika. Hawakufika.

Kisha Misuli. Wimbo wa kwanza tu, chumba kizima kikawa mtu mmoja. Mlima ukawa mlima! Tambarare ikawa tambarare! Mama wa benki, aliyebaki kuonja darasa la pili, aliimba kwa sauti. Mwenye jimu alipiga mguu sakafuni bila kujijua. Katika miaka arobaini sikuwahi kuwa na kwaya iliyonitii namna ile.

Misuli amebakizwa. Binti yangu amepewa meza ya mapokezi, kuandika majina ya wanaoingia.

Jumapili, 12 Mei

Binti amekuja chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akasema, baba, nyimbo zako hazikuwa na kosa, ni miguu yangu imezeeka. Nikamwambia asijilaumu sana. Akanifunika miguu, akatoka.

Mkwe ameleta salamu kutoka kwa Misuli. Anamwomba yule mpenzi wa kazi yake flashi nyingine. Nimeshaanza. Nimeshika mshipa tangu asubuhi, na leo unakwenda barabara, sabini na mbili safi. Kile kimashine cha daktari kilikuwa kibovu.

Limebaki moja, niliandike kabla mkono haujachoka. Jana Misuli aliposhuka kwenye baiskeli, wote walikuwa bado wanahema. Mwenye jimu alikuwa hajaamua. Binti yangu alisimama mlangoni na taulo shingoni, akisubiri. Mtu mmoja akainuka kitini kwa shida, akapiga makofi kwa nguvu zake zote, mpaka ukumbi mzima ukamfuata.

Ni mimi.